Alisimama kilomita ya 80 akanyonyesha, akamaliza mbio. Huku kwetu je?

KUNA picha moja ukiiona kwa mara ya kwanza unadhani imepigwa wodini. Mwanamke amekaa, mtoto mchanga yuko kifuani ananyonya ziwa moja, na ziwa la pili limewekwa pampu ya kukamulia maziwa. Pembeni yake yupo mwanaume amelala chali, hoi, yuko dunia nyingine kabisa.

Ukiangalia vizuri unagundua kwamba yule mama amevaa nguo za mbio. Yule jamaa wa pembeni naye ni mkimbiaji, miguu imemgomea. Hapo ni Courmayeur, mji wa Italia ulio chini ya mlima Mont Blanc, mwaka 2018, kwenye kituo cha huduma cha mbio za UTMB. Mama mwenyewe anaitwa Sophie Power, raia wa Uingereza, na mtoto aliyempakata alikuwa na umri wa miezi mitatu. Picha ilipigwa na Mfaransa Alexis Berg na ilizunguka dunia nzima.

Najua umefungua ukurasa huu ukitafuta habari za usajili. Vumilia kidogo, tutafika uwanjani. Picha hii imenikaa kichwani tangu siku niliyoona kitu kinachofanana nayo kwenye mechi ya ligi ya wanawake, tena hapa hapa nyumbani, ila mwisho wake haukuwa mzuri kama wa Sophie.

MECHI 29 MFULULIZO

Kwanza tuelewane hizi mbio ni za namna gani, maana mtu akisikia 'mbio za milimani' anaweza kudhani ni jogging ya Jumamosi asubuhi.

UTMB inaanzia Chamonix, Ufaransa, inauzunguka Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi, kisha inarudi Chamonix. Ni takriban kilomita 170. Ukijumlisha kupanda peke yake unapata kama mita 10,000. Kilimanjaro ina mita 5,895. Kwa hiyo chukulia umeanzia usawa wa bahari, umepanda mpaka Uhuru Peak, umerudishwa chini, halafu umeambiwa upande tena na uvuke nusu. Kwenye njia kuna mapito ya juu kama Col de la Seigne, mpakani mwa Ufaransa na Italia, ambayo yako zaidi ya mita 2,500. Usiku kule ni baridi kali hata mwezi wa nane. Watu wanaanza Ijumaa jioni na wanapewa saa 46 na nusu, ukizidisha umetolewa.

Sophie alitumia saa 43 na dakika 33. Ukigawa kwa dakika 90 ni mechi 29. Ligi Kuu Bara ina raundi 30. Yaani ni sawa na timu icheze msimu mzima kasoro mechi moja, mfululizo, usiku na mchana, na mchezaji mmoja katikati ya msimu huo aende pembeni kunyonyesha kisha arudi kucheza.

Mtoto wake alikuwa amezoea kunyonya kila baada ya saa tatu hivi. Kutoka mwanzo wa mbio mpaka Courmayeur, ambako mumewe alikuwa anamsubiri na mtoto, ilimchukua Sophie karibu saa 16. Kwa maelezo yake mwenyewe, huko njiani alikuwa anakamua kwa mkono ili maziwa yasimjae. Kwa hiyo akifika kituoni, wenzake wanawaza supu na kulala dakika kumi, yeye ana kazi nyingine kabla hajajifikiria mwenyewe.

KWA NINI HAKUSUBIRI?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu anauliza, na mimi nililiuliza. Si angekaa mwaka mmoja alee kwanza?

Jibu lake ndiyo habari yenyewe. Nafasi ya UTMB haipatikani kirahisi. Wakati ule ulikuwa unakusanya pointi kwenye mbio nyingine ngumu, halafu unaingia kwenye bahati nasibu. Mwaka 2014 Sophie alipata nafasi hiyo, akawa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Akawaomba waandaaji wamsogezee nafasi mbele. Wakakataa. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba ukivunjika mguu unasogezewa, ukiwa mjamzito nafasi imepotea.

Yaani kuumia ni bahati mbaya, mimba ni uamuzi wako. Hesabu zao zilikaa hivyo. Alipopata nafasi tena mwaka 2018, huku ana mtoto wa miezi mitatu, aliamua hapotezi mara ya pili. Hakwenda kushindana na mtu, alikwenda kumaliza.

Baada ya picha kusambaa, kelele zilikuwa nyingi, za kumsifu na za kumtukana. Lakini waandaaji wa UTMB baadaye walibadilisha utaratibu, mjamzito akaruhusiwa kutunziwa nafasi. Mbio nyingine kubwa nazo zikafuata. Sophie mwenyewe mwaka 2022 akaanzisha SheRACES, taasisi inayowabana waandaaji wa mbio waweke mambo sawa kwa wanawake: vyoo, taulo za kike, muda wa kutunziwa nafasi, sehemu ya kunyonyeshea.

Hapo naomba msomaji usome taratibu. Mwili wa Sophie haukuwa tatizo. Mwili ulipanda milima yote ile na ukalisha mtoto. Kilichokuwa kinamfungia mlango ni karatasi ya kanuni.

MAZIWA HAYAJUI RATIBA

Nimezungumza na madada wa zahanati, nimesoma, nimemuuliza na mama yangu mzazi (aliyenicheka kwanza), ili nielewe hili jambo linavyokwenda. Wanaume wengi tunaoandika michezo tunajua zaidi nyama za paja kuliko hiki kitu.

Maziwa yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, ubongo unaachia homoni mbili, prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Yasipotolewa kwa saa nyingi, matiti yanajaa, yanakuwa magumu kama jiwe, yanauma. Ukiendelea kupuuza, unaweza kupata uvimbe wenye maambukizi na homa juu. Na mwili ukiona maziwa hayatoki, unapunguza kutengeneza. Mama akikosa nafasi ya kunyonyesha au kukamua siku nzima, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, anajikuta mtoto ameachishwa bila mwenyewe kupanga.

Halafu kuna hili: oksitosini haisubiri mtoto afike kifuani. Mama akisikia tu sauti ya mtoto analia, maziwa yanaweza kuanza kutoka yenyewe. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

Na lile la mitaani kwamba mama akikimbia maziwa yanachacha? Hapana. Mazoezi ya kawaida hayaharibu maziwa wala hayapunguzi. Akifanya mazoezi makali sana ya kumaliza pumzi, asidi ya laktiki inaweza kupanda kidogo kwenye maziwa kwa muda mfupi, na haijaonekana kumdhuru mtoto. Anachotakiwa ni kula na kunywa, maana kunyonyesha kunakula nguvu nyingi, kama kalori 500 za ziada kwa siku, kabla hujahesabu mazoezi. Mchezaji anayenyonyesha akipewa sahani ile ile ya wali wanayopewa wenzake, anacheza akiwa na deni.

Wazee wengine hapa watanikatisha na habari za kubemenda. Hiyo ni hadithi ya chumbani, haina uhusiano na mtu kupiga krosi.

MSHINDI ALIYEKUWA ANAKAMUA

Kama Sophie alikwenda kumaliza tu, mwenzake mmoja alikwenda akashinda. Januari 2019, Jasmin Paris, daktari wa mifugo, aliingia kwenye Spine Race, mbio za maili 268 (takriban kilomita 431) zinazofuata njia ya milimani ya Pennine Way, kutoka Edale, Uingereza, mpaka Kirk Yetholm, Scotland. Ni katikati ya majira ya baridi, giza ni refu kuliko mchana.

Jasmin alikuwa na binti wa miezi 14 ambaye bado ananyonya. Akawa anakamua maziwa kwenye vituo vya njiani, kisha anavaa viatu anaondoka. Alimaliza kwa saa 83, dakika 12 na sekunde 23. Akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo kwa jumla, wanaume wote wakiwa nyuma yake, na rekodi iliyokuwepo, iliyowekwa na mwanaume, akaishusha kwa saa 12. Narudia, saa 12. Kwenye mpira hiyo ni kama kushinda 9-0 ugenini.

Huyu huyu Jasmin, Machi 2024, akiwa na watoto wawili, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza Barkley Marathons kule Tennessee, Marekani. Muda wa mwisho ni saa 60. Alifika kwa saa 59, dakika 58 na sekunde 21. Ukitaka kujua bao la dakika za nyongeza ni nini, tafuta picha zake akiwa ameanguka pale kwenye geti la njano.

MILIMA YETU HAINA UBISHI

Kinachonichekesha ni kwamba picha ya Sophie iliishangaza dunia, wakati ukienda Morogoro alfajiri utakutana na akina mama wanashuka Uluguru, kichwani mkungu wa ndizi au tenga la mboga, mgongoni mtoto kwenye mbeleko. Lushoto, Usambara, ni hivyo hivyo. Mtoto akilia, mama anatua mzigo kwenye jiwe, anakaa upande wa kivuli, anamzungusha mtoto mbele, ananyonyesha, anafunga kanga, anaondoka. Wapita njia wanamwamkia na wanaendelea na safari. Hakuna anayepiga picha.

Wale akina mama wanajua vitu ambavyo wapanda milima wa mjini wanalipia kufundishwa. Mama anayepanda anatoka jasho, mtoto aliyebebwa hajitikisi, kwa hiyo mama anaweza kuhisi joto huku mtoto anapata baridi. Wanamfunika miguu. Wakifika chini kwenye jua wanamfunua. Wanakunywa maji kabla kiu haijafika. Na hawasubiri mtoto apige kelele, wanasimama mapema, kwa sababu mtoto aliyekwishakasirika hanyonyi vizuri na safari inachelewa.

Mlimani, basi, mama wa Kitanzania na kunyonyesha ni jambo lililokwisha. Sasa mtoe mlimani, mvalishe jezi, mpeleke kiwanjani.

DAKIKA YA 63

Nilitumwa kwenda kuripoti mechi ya ligi ya wanawake, siyo ligi ya juu, daraja la chini yake. Sitataja timu wala kiwanja, maana shida hii siyo ya timu moja. Kiwanja hakikuwa na jukwaa, kulikuwa na kamba, mashabiki wamesimama nyuma yake, na mwarobaini mkubwa upande wa benchi la wageni.

Kiungo mkabaji wa wageni alikuwa moto. Mpira haupiti. Nikauliza jina lake ili niandike. Aliyekuwa karibu yangu akaniambia, 'Huyo ana mtoto mdogo, yule pale kwa bibi yake.' Kweli, chini ya mwarobaini alikaa mama mtu mzima na kichanga kwenye kanga.

Mapumziko yalipofika, wenzake walikaa kwenye duara wanamsikiliza kocha. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mwarobaini, akajifunika kanga, akanyonyesha. Kocha alikuwa anafoka kuhusu mabeki wa pembeni, na yule dada alikuwa anasikiliza kwa mbali, anatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Sikumwona akinywa maji. Mwamuzi alipopuliza filimbi, alimtoa mtoto kifuani kabla hajashiba, ilionekana, maana kichanga kilianza kulia pale pale.

Kiliendelea kulia. Dakika ya 63, mpira umetoka nje upande wa mwarobaini, yule dada kasimama kusubiri urushwe, jezi yake ikaanza kulowana kifuani. Ilikuwa jezi ya rangi nyepesi. Watu wa kwenye kamba wakaona. Wa kwanza akacheka, wa pili akasema neno, basi ikawa ndiyo burudani ya kipindi cha pili. Kila akigusa mpira, kelele. Alijishika kifua kwa mkono mmoja huku anakimbia. Dakika chache baadaye akaomba kutoka. Timu yake ilikuwa inaongoza bao moja, ikaja kufungwa mawili na kulala 2-1.

Mimi nilirudi nikaandika matokeo, wafungaji na dakika zao. Nikaandika kwamba wageni 'walipoteza umiliki wa kiungo kipindi cha pili'. Hiyo ndiyo sentensi yangu. Mhariri aliipitisha, na hakuna aliyeniuliza umiliki ulipotelea wapi.

Msimu uliofuata nilikwenda kuitazama timu ile ile. Hakuwepo. Nilimuuliza mmoja wa viongozi, akaniambia 'ameamua kulea'. Labda ni kweli aliamua. Mimi nilikuwepo siku ile, na najua aliamua baada ya nini.

FIFA IMEANDIKA, NANI AMESOMA?

Wengi tunazijua kanuni za FIFA kwenye madeni ya wachezaji na klabu kufungiwa kusajili. Kuna kifungu kingine ambacho hakipigiwi kelele. Tangu Januari 1, 2021, mchezaji wa kike mwenye mkataba ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau wiki nane kati ya hizo zikiwa baada ya kujifungua, na analipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara wake. Klabu inaruhusiwa kusajili mbadala wake hata kama dirisha limefungwa. Akirudi, klabu inatakiwa kumrudisha kikosini. Ukimfukuza kwa sababu ya mimba, unalipa fidia na unaweza kufungiwa kusajili.

Na ndani humo humo imeandikwa kwamba mchezaji apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa akiwa kazini, na klabu iweke sehemu inayofaa kwa ajili hiyo.

Nani aliyeipima kanuni hii? Sara Björk Gunnarsdóttir, aliyekuwa nahodha wa Iceland, aliyefunga bao kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2020 Lyon ilipoichapa Wolfsburg 3-1. Alipata mimba, akarudi nyumbani Iceland kujifungua, mshahara kutoka Lyon ukawa hauji kama inavyotakiwa. Akapeleka kesi FIFA. Hukumu iliyotangazwa Januari 2023 ikaiamuru Lyon imlipe zaidi ya euro 82,000. Lyon hiyo, klabu kubwa kuliko zote kwenye soka la wanawake Ulaya. Kama Lyon ilikosea hesabu hiyo, fikiria klabu ambayo katibu wake anatunza mikataba kwenye begi la mgongoni.

Mama anaweza kucheza soka la juu, hilo halihitaji ushahidi mpya. Beki Joy Fawcett wa Marekani, mama wa watoto, alicheza kila dakika ya Kombe la Dunia la 1999 na akabeba ubingwa. Chama chao cha soka kilikuwa kinalipia walezi wa watoto kambini. Kwa nini hawakuona ni anasa? Kwa sababu walikuwa wanataka beki wao awepo.

Hata kwenye Olimpiki haikuwa rahisi. Kuelekea Tokyo, waandaaji walizuia familia kusafiri kwa sababu ya corona, na Kim Gaucher, mchezaji wa kikapu wa Kanada, akajikuta anaambiwa achague kati ya mashindano na binti yake anayenyonya. Alilalamika hadharani, mwishoni mwa Juni 2021 waandaaji wakalegeza. Mwingine aliyepaza sauti ni Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Kenya anayekimbilia Marekani, aliyekuwa ameshinda mchujo wa marathoni mwaka 2020 na kujifungua binti Januari 2021. Jeraha lilimtoa kwenye marathoni ya Sapporo, lakini mtoto alikuwa naye Japan, na hiyo ilikuwa nusu ya vita yake.

CHUMBA NA FRIJI YA SODA

Wakati mwingine tunajificha nyuma ya neno 'bajeti'. Haya, tuongee bajeti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inasema pia kwamba mwajiri amruhusu anayenyonyesha amlishe mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Mazoezi ya timu nyingi hayafiki saa mbili. Kwa hiyo muda upo, sheria imeshatoa zaidi ya unaohitajika.

Vifaa? Chumba chenye mlango unaofungwa, hata kile wanachowekea koni na mipira. Kiti. Maji safi na sabuni. Friji, ile ile ya soda, kwa sababu maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama saa nne tu kwenye joto la kawaida la chumba, na joto la Dar mwezi wa pili si la kawaida, lakini kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Jezi ya ziada ya rangi nzito. Mtu wa kumshika mtoto, ambaye mara nyingi ni bibi yake na anakuja kwa miguu yake mwenyewe, kinachotakiwa ni nauli na kiti kwenye basi la timu.

Na kocha aanze na yule dada. Dakika tatu za mwanzo za mapumziko aongee naye kuhusu nafasi yake, kisha amwachie dakika 12 zilizobaki. Kiungo mkabaji anayejua kazi yake hahitaji zaidi ya hapo. Sophie alikuwa na kilomita 90 mbele yake alipomrudisha mtoto kwa baba yake pale Courmayeur, na bado akavuka Grand Col Ferret kuingia Uswisi.

Kinachonipa mashaka ni mikataba. Kanuni ya FIFA inamlinda mwenye mkataba wa kueleweka. Dada anayecheza kwa posho ya mechi na ahadi ya mdomo, akipata mimba hakuna wa kumfukuza, kwa sababu hakuna aliyemwajiri. Anaacha tu kupigiwa simu. Hapo ndipo TFF na klabu zinatakiwa kubanwa, na hapo ndipo sisi waandishi tumelala, mimi nikiwa mmojawapo.

Kwa hiyo nimeanza kuuliza. Kwenye mikutano ya kabla ya mechi za wanawake, baada ya maswali ya majeruhi na mfumo, nanyoosha mkono: mchezaji wenu akiwa na mtoto anayenyonya, anamnyonyeshea wapi hapa? Nimeuliza mara nne mpaka sasa. Makocha wawili walisema hawajawahi kufikiria. Mmoja, mwanamke, alinitazama muda mrefu kisha akasema wanatumia gari lake. Wa nne hakujibu, aliyejibu ni msemaji wa klabu, alicheka sana, akaniuliza kama naoa lini.